Muziki wa luti kwenye kariloni: ya kujua kabla hujaandika

Kariloni ni ala ya kengele nyingi mnarani, zinazopigwa kwa vijiti vya mkono na kanyagio za miguu; luti ni ala ya nyuzi. Ukishapata tabulatura ya luti (maandishi yanayoonyesha uzi upi upigwe na ubonyezwe wapi), usihamishe noti moja moja kwenda kariloni. Andika kwanza sauti ya juu na besi, basi. Zilizo katikati zitaingia moja moja, kila moja ikionyesha kwa nini inahitajika.

Tatizo ni kengele yenyewe. Luti ni mtoto wa udi, na uzi wake hufifia upesi. Kengele kubwa huvuma sekunde nyingi, na kariloni haina cha kuizimia. Isitoshe, kila kengele hubeba ndani yake noti ya tatu ndogo: kengele ya C hutoa pia E-flati, tena kwa nguvu. Piga C ya chini pamoja na E iliyo karibu nayo, zitagombana hadi msikilizaji adhani kengele ni mbovu. Iondoe hiyo E, au ipandishe oktavu moja au mbili. Kwa sababu hiyo hiyo vipande vya maina (vyenye tatu ndogo) hukaa vizuri kuliko vya meja (vyenye tatu kubwa), anza navyo.

Luti ya jozi sita za nyuzi huanzia G ya chini, chini mno kwa kariloni nyingi, kwa hiyo kwa kawaida kipande kizima hupandishwa oktavu. Kisha hesabu viungo: mpigaji ana ngumi mbili na miguu miwili. Noti sita za pamoja zibaki tatu. Mkono uliofunguliwa huweza kushusha vijiti viwili vya jirani, ila usiutegemee kwenye mwendo wa kasi.

Mapambo ya haraka yape kengele ndogo, ngumi zikipokezana. Besi ipeleke miguuni. Ulimi wa kengele kubwa ni mzito, haurudii upesi. Luti ikigonga besi kila pigo, wewe bakiza la kwanza la kila kipimo.

Alama za muda kwenye tabulatura huonyesha lini upige, si uzi ulie hadi lini. Kwa kengele hilo linatosha, usihangaike kuandika mapumziko.

Uliza pia ala imelinganishwaje. Tangu ndugu Hemony, mafundi wa kengele, walipotengeneza kariloni ya Zutphen, Uholanzi, mwaka 1644, ala nyingi za kale zilifuata mfumo wa mintoni, ulinganishaji wa kale ambamo G-shapu na A-flati si noti moja: G-shapu ipo, A-flati hakuna. C-shapu ya chini kabisa mara nyingi haipo kabisa.

Kinanda cha mazoezi kitakudanganya, kwa kuwa hakivumi kama mnara. Mwachie mwingine apige, shuka usikilize ukiwa chini. Besi ikimeza wimbo, punguza noti zake kabla hujamwomba mpigaji apunguze mwendo.