Maswali ya Wasomaji: Kufungasha Linux kwa Ajili ya Kuuza

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka dogo la vifaa vya kompyuta Ngamiani, Tanga. Walimu kutoka Muheza na Pangani huniomba niwatayarishie flashi na DVD zenye mfumo endeshi wa Debian, ulio mmojawapo wa mifumo ya Linux, kwa kuwa kupakua faili kubwa kwa vifurushi vya simu huwaumiza mifuko. Je, ninaruhusiwa kuziuza, na kwenye kasha niandike nini? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Unaruhusiwa, na bei unaipanga mwenyewe, kwa sababu leseni za programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzibadili na kuzisambaza) hazikatazi biashara. Hata hivyo, leseni ya GPL toleo la 2, inayotawala kiini cha Linux, yaani sehemu kuu ya mfumo, inamtaka msambazaji aambatanishe msimbo chanzo (programu kama ilivyoandikwa na watengenezaji) na nakala anayoitoa, au atoe ahadi ya maandishi, idumuyo kwa muda usiopungua miaka 3, kwamba atampatia msimbo huo yeyote atakayeuomba kwa malipo yasiyozidi gharama ya kunakili. Kumwelekeza mteja kwenye ahadi iliyotolewa na mtu mwingine kunakubalika kwa anayegawa bure tu, si kwako wewe unayeuza. Kwa hiyo pakua diski za msimbo chanzo za toleo lile lile, ambazo mradi wa Debian huzitoa, uzihifadhi dukani, kisha utie kikaratasi cha ahadi ndani ya kila kasha.

Kuhusu lebo, andika namba kamili ya toleo, aina ya prosesa na aina ya faili uliyoitumia. Hapa ndipo walimu wanapoweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, bado ina kisakinishi cha kompyuta za zamani za biti 32, ambazo hazijatoweka shuleni. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina. Vilevile, diski ndogo iitwayo netinst huweka mfumo wa msingi tu na vingine vyote huvitafuta kwenye intaneti, ilhali DVD ya kwanza inatosha kusakinisha hata mazingira ya madirisha bila mtandao wowote. Kwa shule isiyo na intaneti, netinst ni hasara, hata ukiiuza kwa bei nafuu.

Kabla ya kunakili, linganisha faili la ISO (faili moja lenye nakala nzima ya diski) na hesabu ya SHA512, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili likibadilika hata kidogo, iliyotiwa sahihi na mradi wenyewe. Sioni faida kubwa ya kuchapa hesabu hiyo kwenye kasha, kwani anayeweza kughushi diski hashindwi kughushi lebo. Afadhali umwonyeshe mteja mahali pa kuipata. Kumbuka pia kwamba kuliburuta faili la ISO na kuliweka ndani ya flashi hakutaifanya iwashe kompyuta: ni lazima liandikwe moja kwa moja juu ya kifaa chenyewe, na kila kilichokuwamo kitafutika. Ukimaliza, soma upya ulichoandika na ukilinganishe na faili la awali, maana zipo flashi za bei rahisi zinazodai nafasi zisizokuwa nayo.

Ukiongeza programu zako mwenyewe, litaje jambo hilo waziwazi kwenye lebo, kwa kuwa diski hiyo si tena ile rasmi ya Debian. DVD usiibandike stika ya karatasi, kwani huweza kuifanya iyumbe inapozunguka; tumia kalamu ya kuandikia diski.