Re: Nyumba inabomolewa, kazi zangu nifanyeje?

Pole dada, mafundi wakishavua bati ndani hakuna amani tena. Umeuliza uendelee vipi na ukili (ile mikanda ya kusukia mikeka), kamera na ile tovuti yako wakati nyumba hapo Chumbageni inakarabatiwa, mi naona usibebe vyote. Kamera ndo uifiche kwanza, vumbi la saruji likiingia kwenye pete za lenzi zinaanza kukwaruza, afu huu unyevu wetu wa Tanga lenzi ikifungiwa kwenye begi gizani muda mrefu inaota ukungu, kwa hiyo tafuta ndoo yenye mfuniko unaobana, tupia vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya na mara mojamoja itoe ipate hewa. Picha za ujenzi piga na simu tu inatosha. Kompyuta chomoa kabisa wakiwasha mashine ya kuchomelea, umeme unachezacheza, na kopi ya kazi zako ikae nyumba nyingine kwa mtu unayemwamini. Ukili ndo ubaki nao, hauna haja ya umeme, unasuka barazani kwa jirani huku unawachungulia mafundi na mifuko yako ya saruji 😂 ila ukindu, yale majani ya kusukia, uliotia rangi usiuache juani, unapauka.