Kache ya Django penye hifadhidata zaidi ya moja: anza na ruta

Kama mradi wako wa Django una hifadhidata mbili au zaidi, na unataka kache (data za muda za kuharakisha majibu) ikae ndani ya mojawapo, andika ruta, yaani klasi inayoiambia Django itumie hifadhidata ipi, kabla ya kitu kingine. Bila ruta, Django huipeleka kache kwenye `default`. Kwangu `default` ndiyo yenye data za wateja, na sioni sababu ya kubeba takataka za muda kwenye nakala rudufu za kila usiku.

Wengi hudhani `LOCATION` katika mipangilio ya kache ndiyo ya kuchagua hifadhidata. Siyo, ile ni jina la jedwali tu. Jedwali lenyewe hujitambulisha kwa ruta kama `django_cache`, basi likamate hapo:

```
class RutaYaKache:
    def db_for_read(self, model, **hints):
        if model._meta.app_label == 'django_cache':
            return 'kache'

    db_for_write = db_for_read

    def allow_migrate(self, db, app_label, **hints):
        if app_label == 'django_cache':
            return db == 'kache'
```

Iweke ya kwanza katika `DATABASE_ROUTERS`, maana ruta ya kwanza kutoa jibu ndiyo inayosikilizwa. Ikitanguliwa na ile inayotawanya usomaji kwenye seva za nakala, utaandika kitu kwenye kache, ukisome papo hapo, usikikute, kwa kuwa nakala bado haijakipokea.

Kisha unda jedwali la kache:

`python manage.py createcachetable --database kache`

Ukisahau `--database`, amri inaelekea `default`, ruta inaikatalia, inaisha kimya. Kinachoudhi ni kwamba hata ikifaulu haisemi kitu! Mimi hutanguliza `--dry-run`, jaribio lisilounda kitu: ikichapisha SQL, njia iko wazi, isipochapisha chochote, ruta imekataa.

Ukishaitenga kache, kumbuka haimo tena ndani ya muamala (transaction) wa data zako. Muamala wa `default` ukibatilishwa, ulichokwisha kuandika kwenye kache kinabaki, na watumiaji wataonyeshwa oda ambayo haipo. Uandishi wa namna hiyo upitishe kwenye `transaction.on_commit`, ili ufanyike tu muamala ukishakamilika.

Na kama vitu vinatoweka kabla ya muda wake, usikimbilie kuilaumu ruta. Tazama `MAX_ENTRIES`, kikomo cha rekodi kwenye kache: usipoibadilisha ni 300 tu. Zikizidi hapo, Django hufuta zilizokwisha muda, na zisipotosha, hupunguza theluthi ya zilizobaki.