Mchele kalori 360, wali kalori 130: nyingine zimekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimeamua kupunguza uzito, nikanunua mizani ya jikoni na kuweka programu ya kalori kwenye simu. Sasa imenichanganya. Nikiandika gramu 100 za mchele inaniambia kalori 360. Nikiandika gramu 100 za wali inasema 130. Mume wangu anadai zile nyingine zimeungua jikoni, na kwa hoja hiyo anaongeza sahani ya pili. Niandike ipi? Nyumbani tunapika wali wa nazi karibu kila siku.
*Mama Watoto, Tanga*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto hakuna kilichoungua, kilichoongezeka ni maji. Mchele gramu 100 ukiiva unakuwa wali wa gramu 280 hivi, na maji hayana kalori. Zile 360 zimo zote, ila sasa zimetawanyika kwenye uzito mkubwa. Gawa 360 kwa 2.8 uone kama hupati hiyo 130 yako, ukiacha chenji. Maharage nayo ni hivyo hivyo: makavu yanakaribia 340, yaliyochemshwa hayafiki hata 140.

Kwa hiyo andika ipi? Ile inayolingana na ulichoweka kwenye mizani. Mimi nilipoanza nilikuwa napima wali halafu naandika hesabu ya mchele. Wiki nzima nikajiona mlafi wa kutisha, nikalala na njaa bure, kumbe nilikuwa najizidishia karibu mara tatu.

Nyama inakwenda kinyume: inatoa maji. Kilo moja ya steki ikiiva inaweza kubaki gramu 700, kwa hiyo gramu 100 za iliyoiva zina kalori nyingi kuliko gramu 100 za mbichi. Kama umechemsha, mafuta mengine yamehamia kwenye supu. Ukiinywa, yahesabu.

Lakini mwanangu, kinachokupotosha wewe hasa ni nazi. Ile 130 ni ya wali mweupe wa maji matupu, na wewe hupiki huo. Tui zito gramu 100 lina kama kalori 230. Mafuta ya kupikia ndiyo usiseme: kijiko kimoja cha chakula ni 120, yawe ya alizeti au ya mawese.

Mimi nafanya hivi. Napima sufuria tupu na kuandika uzito wake kwa kalamu kwenye mlango wa kabati. Yangu ya wali ni gramu 620. Halafu napima vyote vibichi: mchele gramu 500 ni kalori 1,800, tui zito gramu 200 ni 460, jumla 2,260. Maji na chumvi sihangaiki navyo. Wali ukishakauka naweka sufuria yote kwenye mizani (weka kitambaa chini, usije ukaiunguza). Mara ya mwisho ilisoma gramu 2,020. Toa 620, wali ni 1,400. Gawa 2,260 kwa 1,400, unapata 1.6 kwa kila gramu. Sahani ya gramu 350 ni kalori 565 hivi, wakati programu ingekuandikia 455. Na hapo sijagusa mchuzi.

Chipsi pima mafuta kabla ya kukaanga na baada ya kupoa. Yaliyopungua, mengi yake umekula.

Utasikia pia kwamba wali kiporo hauna kalori. Ukipoa, sehemu ndogo ya wanga hugeuka ngumu kusagika tumboni, ni kweli, lakini tofauti yake haitoshi kukupa sahani ya pili. Zaidi ya hapo, kiporo kilicholala nje ya friji kwa joto la Tanga kitakupunguza uzito kwa njia usiyoitaka.

Ukoko una hesabu yake. Maji yamekauka, kwa hiyo gramu kwa gramu unaushinda wali wa juu. Unaushinda kwa kiasi gani siwezi kukuambia, maana kwangu unagombewa na wajukuu kabla sijaifikisha sufuria kwenye mizani.