Kocha kwa dalali wa nyumba: kinachosaidia ni nini hasa?

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kumlipa kocha kila mwezi wakati udalali wenyewe mwezi mwingine hauingizi kitu. Umesema uko Sinza na Kijitonyama, simu inaita kutwa, unazungusha wateja mpaka jua linazama, na mwisho wa mwezi ukihesabu huoni kilichobaki. Niko kwenye kazi hii muda mrefu hapa Dar, nimewahi kuwa na kocha, na sasa nina vijana ofisini ninaowasimamia mwenyewe. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza tutenganishe watu. Wengi wanaojiita makocha hapa mjini ni wahamasishaji. Unalipa kiingilio, unakaa ukumbini, unaambiwa ujione tajiri, unatoka damu inachemka, Jumatatu unarudi kijiweni kazi ni ileile. Hao waache. Kocha wangu hakuwahi kuuza hata banda la kuku. Alikuwa mstaafu aliyesimamia mawakala wa bima maisha yake yote. Habari za nyumba alizijua kama mpangaji tu. Alichotaka ni kuona siku yangu imekwendaje, saa kwa saa, na alikuwa hadanganyiki.

Alikuwa anaanzia kwenye simu, na mimi leo nafanya vivyo hivyo kwa vijana. Nafungua orodha ya waliopiga, nauliza mmoja mmoja.

"Huyu wa saa nne asubuhi ni nani?"
"Mteja, kaka. Anataka chumba na sebule."
"Wapi?"
"Popote tu."
"Bajeti?"
"Hajasema."
"Anahamia lini?"

Kimya. Hapo simfokei. Namwambia mpigie sasa hivi, weka spika, nisikie. Siku hiyo dada wa watu akajieleza vizuri kabisa: ana duka Kariakoo, anafunga saa mbili usiku, anataka kushuka Mwendokasi atembee dakika chache awe kwake, na uwezo wake ni kulipa kodi ya miezi mitatu, siyo sita. Nyumba za Mwananyamala na Kijitonyama alizokuwa amepangiwa kuonyeshwa zikafa palepale, kijana akahamia kutafuta Magomeni na Manzese. Simu ile haikufika dakika tano. Bila hiyo, Jumamosi nzima ingeishia kwenye bodaboda, na yule dada angeenda kusimulia dukani kwamba madalali ni matapeli.

Kitu cha pili, na kwangu ndicho kikubwa: kocha mzuri hakuulizi umefunga dili ngapi. Dili haliko mikononi mwako. Mwenye nyumba anabadilisha mawazo usiku, mshahara wa mteja unachelewa, au wote wawili wanakuzunguka na wewe unabaki unaangalia. Atakuuliza yale unayoyaweza mwenyewe: leo umewapigia wenye nyumba wangapi kuhakikisha nyumba bado ipo? Waliokupigia ukakosa kupokea, umewarudia? Picha unazoposti ni za lini? Unaandika kwenye daftari kila jioni, Jumamosi unafungua mbele yake. Nasema kweli, nusu ya faida ya kocha ni ile aibu ndogo ya Jumamosi, kuonyesha ukurasa mtupu mbele ya mtu mzima anayekuheshimu.

Hilo la kuhakikisha nyumba ipo naomba nilikazie, maana sote tunaujua mchezo. Nyumba imechukuliwa wiki iliyopita, picha bado ziko mtandaoni, mteja anaitwa, analipa elfu kumi au ishirini ya kuonyeshwa, anafika anaambiwa "imeshaenda, ila ipo nyingine". Hesabu ni rahisi: nyumba ya laki tatu kwa mwezi, chako ni kodi ya mwezi mmoja, yaani laki tatu. Unaitupa kwa sababu ya elfu ishirini? Vijana wangu hawaposti kitu kabla ya saa nne asubuhi, mpaka wamepiga simu zao za kuhakiki. Mwanzoni walinuna. Mmoja aliacha kazi kabisa, akasema namchelewesha.

Halafu kuna tarehe. Dalali akishapokea chake, mpangaji anamsahau. Lakini aliyelipa miezi sita mwanzoni mwa Januari, mwisho wa Juni ama anaongeza ama anahama, na wewe ndiye uliyemwingiza, unaijua siku hiyo kuliko mtu yeyote. Andika mwisho wa kila mkataba. Mwezi mmoja kabla, mpigie mpangaji: maji yanatoka? LUKU bado inasumbua? Unabaki? Kisha mpigie mwenye nyumba. Ukifanya hivyo unakuwa na mteja anayehama na nyumba inayoachwa kabla hata haijafika kwenye magrupu ya WhatsApp ambako madalali wote wanaposti picha zilezile. Hakuna siri hapo, kila mtu anajua. Kulifanya kila mwezi bila kusukumwa ndiko kunakotushinda.

Kocha hatakusaidia kwenye sheria na karatasi. Kama unataka kuingia kwenye viwanja, upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani kuhakiki kiwanja ni cha nani, hatakufanyia yeye, na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa si hati hata aigonge mihuri mitatu. Nyumba ya familia nayo haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hilo lipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa hayo tafuta wakili.

Kuhusu hela, usilipie mwaka mzima. Lipa mwezi mmoja, na kabla ya kutoa hata shilingi muulize: "Jumamosi utataka kuona nini kutoka kwangu?" Akikujibu habari za ndoto na maono, mshukuru, nyanyuka. Akisema lete daftari na simu yako, mjaribu.

Na kama mfuko hauruhusu, tafuta dalali mwenzako wa eneo la mbali, Kigamboni au Tabata huko, mkubaliane kutumiana picha ya daftari kila Jumamosi usiku na kuulizana maswali hayohayo. Ila namba za wenye nyumba zifunike kabla hujapiga hiyo picha. Nyumba ya Sinza yenye LUKU yake, maji ya DAWASA na sehemu ya kupaki gari haina rafiki.