Naweza kutembea, je nirudi kubeba magunia?

SWALI: Shikamoo daktari. Niliteleza na gunia la karafuu, nikaumia kiuno. Sasa natembea bila maumivu, na msimamizi ananitaka Jumatatu. Nirudi? (Mchukuzi, Wete)

JIBU: Marahaba mwanangu. Usirudi bado, kazi yako si kutembea. Upimwe kwa kazi yenyewe. Mimi huanza na sanduku la kilo 5, mtu aliinue kutoka sakafuni hadi kiunoni, kisha naongeza kidogo kidogo huku nikihesabu mapigo ya moyo. Akianza kutanua miguu na kuurusha mgongo nyuma, namsimamisha hata akiapa kuwa yuko sawa. Tena arudie rudie, maana gunia moja si kutwa nzima. Ukiishia kilo 20, naandika 20, na msimamizi akupe mizigo hiyo kwanza. Mguu ukifa ganzi, acha kubeba, njoo hospitali siku hiyo hiyo.