Barua kwa mwanangu: Kisomali au Kirusi

Mwanangu,

Meseji yako tumeipata, mama yako kaisoma kwa sauti jikoni halafu akanitupia simu akasema haya mjibu mwanao. Unasema kliniki hapo Columbus, huko Marekani, watakulipia darasa la lugha moja, wagonjwa wenu wengi Wasomali, na wapo wazee wanaoongea Kirusi, na kwa vile baba yako alisoma Urusi akakaa chumba kimoja na Msomali unataka nikwambie ipi rahisi. Rahisi! Nani alikudanganya kuna lugha rahisi, hata hicho Kiswahili chako cha siku hizi nanyamaza tu.

Yule Msomali ndo wa picha ya sebuleni mwenye kofia ya manyoya, unamjua. Tulikuwa naye mji wa Voronezh 1976, mwaka wa podfak, yaani ule mwaka wa mwanzo wageni mnasomeshwa Kirusi kabla ya kuingia kwenye fani zenu. Kwao Kisomali kilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini 1972, na mwaka 1974 sekondari zilifungwa wanafunzi wakapelekwa maporini kuwafundisha wafugaji kusoma na kuandika, naye alikuwemo. Kwa hiyo alikuja Urusi na herufi zake anaziamini kabisa, katoka kuzifundisha juzi tu. Na kwa Kisomali C ni ain, ile ya Kiarabu, na X ni ile ha ya kooni. Basi anakuta paketi ya sukari imeandikwa CAXAP, Warusi wanasoma sakhar maana C yao ni S, X ni kh, P ni R, yeye akaisoma kwa sauti mbele ya watu, kaanza na ain ya ndani kabisa, kaenda na ha yake, na mwisho akaweka B kwa sababu Kisomali hakina P. Nilicheka nikakaa chini. Kesho yake nikaona barua ya kwao imeandikwa Xamar, ndo jina wanaloiitia Mogadishu wenyewe, nikasema "Eksamari", zamu yake ikawa kucheka. Mwalimu wetu Mrusi yeye akaangalia akasema Khamar, karibu na penyewe kuliko mimi jirani yao wa Tanga!

Sasa sarufi, maana najua ndo unayoiogopa. Kirusi nomino inabadilika mwisho kutokana na kazi yake kwenye sentensi, kniga, knigi, knige, knigu, knigoi, hicho ni kitabu kile kile, na hali zenyewe ziko sita. Kisomali kinabandika vitu nyuma ya neno, buug kitabu, buugga kile kitabu, buuggayga kitabu changu. Jinsia ya maneno lugha zote mbili zinayo, ila Msomali kakuzidi ujanja, kuna maneno yakiwa mengi yanageuka jinsia, mwanamke naagta ni ya kike, wanawake naagaha inafuata mpangilio wa kiume. Hayo yasikutishe, umekulia kwenye ngeli za Kiswahili, sisi kupatanisha maneno tunazaliwa nako. Kinachotuangusha sisi ni mkazo. Wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho basi, wa Kirusi unatembea, zamok ukipandisha mbele ni ngome ukipandisha nyuma ni kufuli. Na Kisomali, inan ukiinua sauti mwanzo ni mvulana, ukiinua mwisho ni msichana, sasa wewe nesi uko na mzazi wodini ukosee hapo. Ndo maana nasema kila siku, na mlikuwa mnanicheka mkiwa wadogo, lugha inaingia kwa sikio, haiingii kwa daftari.

Na nilijifunza kwa uchungu. Mtihani wa mdomo wa mwisho wa mwaka tuliambiwa kila mtu aghani shairi, moja la kale ambalo kila mtoto wa Kirusi analijua. Mimi nililichambua lote, kila hali nimeipigia mstari, nimepanga majedwali kwa kalamu ya rangi. Mwenzangu hakuandika kitu, alimwomba yule mama mfagizi wa bweni amsomee jioni huku yeye kafumba macho. Kwao shairi unalishika kwa kulisikia, mashairi marefu, na kila mstari lazima uwe na neno linaloanza na sauti ile ile mwanzo mpaka mwisho, Warusi wao wanatafuta vina mwisho wa mstari, lakini kupenda shairi la moyoni wanafanana kabisa. Akasimama akaghani, Z zote kazifanya S maana na Z hawana, mwalimu akatoa leso. Akapewa tano, ndo alama ya juu kwao. Mimi tatu. TATU, mwanangu, na sikukosea hali hata moja! Mpaka leo nikikumbuka yale majedwali nasikia joto shingoni. Unaweza kusema alionewa huruma, mimi mwenyewe nilisema hivyo mwaka mzima, lakini hapana, mfagizi alikuwa anamwelewa yeye kuliko mimi, dukani vile vile. Ila na yeye kusoma gazeti alikuwa ananiletea mimi, kwa hiyo daftari nalo lina kazi yake, sijui.

Novemba 1977 rais wao Siad Barre akawafukuza Warusi kwa ajili ya vita vya Ogaden, maana Warusi walikuwa wanaisaidia Ethiopia, wenzetu wakaitwa nyumbani, naye akaenda.

Jambo lingine, hapo kwenu kuna wale Wasomali Bantu. Ukimkuta mzee wa mto Juba msikilize vizuri, wengine wanaongea Kizigua, asili yao ni watu wa kwetu huku waliopelekwa utumwani karne ya 19. Jaribu Kizigua cha bibi yako wa Handeni kabla hujaita mkalimani, utaona sura yake.

Kuhusu kuchagua sikuchagulii, we mtu mzima na darasa lako mwenyewe. Hao wazee wa Kirusi wanastahili pia kusikilizwa, na Kirusi ningeweza kukusaidia kwa simu jioni, ningefurahi sana, siwezi kudanganya. Lakini umesema wengi ni Wasomali, na mimi Kisomali nilichoshika ni salamu na matusi. Kwa hiyo usichukue Kirusi kwa ajili yangu. Haya, nimeshasema, na nilikuwa nimekusudia nisiseme. Mama yako anauliza darasa ni siku gani za wiki, asije akakupigia ukiwa ndani.

Baba